Sindano ya Mwalimu Namkunda

Wanawake waliokuwa wakimenya ndizi nyuma ya nyumba hawakunijua, ndiyo maana walizungumza. Nilikuwa nimepanda mlima asubuhi kuja kumzika Mzee Elinazi, nikapewa kisu na beseni kama mwanamke yeyote anayefika msibani, nikakaa katikati yao kwenye kigoda. Mmoja wao, mama wa makamo mwenye kitenge cha umoja wa wanawake wa kanisa, alisema marehemu alibahatika, amekwenda kwa uzee, kitandani kwake, na akili zake timamu. "Mkewe ndiye aliyekwenda vibaya," akasema. "Alikwisha yule mama, akabaki nguo tu. Na aliyemletea akabaki anadunda miaka minne." Mwingine akaguna, akasema wanaume wanaopeleka tangawizi Dar ndivyo walivyo, wanarudi na fedha na wanarudi na miwaya. Wakacheka kwa chini, kwa heshima ya msiba, wakaendelea kumenya. Mimi nilijikata kidole, nikasingizia kisu.

Mwalimu Namkunda, mke wa marehemu, hakuwa na virusi vya UKIMWI. Nilimpima mimi mwenyewe. Alipungua kwa sababu mimi na daktari wangu tulikuwa tukimpunguza, kwa sindano, mara moja kwa wiki, na aliniapisha nisimwambie mtu. Kwa miaka minne mlima mzima uliamini kwamba Mzee Elinazi alimwambukiza mkewe na kumzika, na mimi niliyejua ukweli nilikuwa kule chini Same, mwendo wa asubuhi moja tu, nikiandika dawa za watu. Wengine huandika habari za ujana wao wakiwa na mvi. Zangu ni za juzi, lakini najua kwamba ujana wangu uliishia mwaka ule, na nauandika sasa kwa sababu mtu ambaye ukweli huu ungemsaidia tumemfukia jana.

Nilikuwa nimemaliza chuo cha utabibu, nikapata kazi kwenye zahanati ya binafsi yenye vyumba vitatu kando ya barabara kuu. Vyumba vilitengwa kwa mbao nyembamba, ukikohoa chumba cha sindano anakusikia wa mapokezi. Upepo wa Same ulileta vumbi mpaka ndani ya faili. Mchana tulikula makande ya mama wa jirani, yale ya Kipare hasa, mahindi ya kukoboa na maharage na kipande cha nazi akijisikia vizuri, na tulikula tukiwa tumesimama kwa sababu kiti cha ziada kilikuwa cha wagonjwa. Bosi wangu, Daktari Kiondo, alikuwa amestaafu serikalini, mtu mrefu, mpole, asiyependa kelele. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba unene uliopitiliza ni ugonjwa kama presha ilivyo ugonjwa, na kwamba kumwambia mgonjwa apunguze kula halafu umwandikie tarehe ya kurudi si tiba, ni kumfukuza kwa adabu. Sikumwamini sana. Nilikuwa mwembamba na nilidhani wembamba wangu ni tabia njema.

Mwalimu Namkunda alikuja Februari, joto likiwa kali. Mlango wetu ulikuwa na ngazi mbili, naye alipumzika katikati. Alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi huko juu upande wa Mbaga, mama wa kilo mia moja na kumi na nane, mwenye kisukari, presha, na magoti yaliyokuwa yakilia akitembea.

"Shikamoo Mwalimu," nilisema, maana hata kabla hajajitambulisha alikuwa ameshanyoosha kalenda yetu ukutani.

"Marahaba mwanangu. Usiniambie nipunguze kula. Nimeambiwa hivyo tangu nina miaka thelathini, na baadhi ya walioniambia nimeshawazika."

Daktari Kiondo alicheka, akamuuliza anataka nini basi. Nilitegemea aseme maumivu yapungue. Alisema anataka kupiga magoti. Kanisani kwao watu hupiga magoti madhabahuni kupokea chakula cha Bwana, na yeye kwa miaka mitatu alikuwa akipokea amesimama, peke yake, pembeni, mchungaji akimfuata alipo. "Naonekana kama nina ubishi na Mungu," alisema. Alisema kwa utani lakini macho hayakucheka. Daktari alimweleza kuhusu sindano mpya ya kila wiki, inayotumwa kutoka Dar kwa basi ndani ya kisanduku cha barafu. Alimwambia mwili una kengele ya kushiba, na yake inalia ikiwa imechelewa, dawa inaiwahisha. Tungeanza na dozi ndogo, tungepanda taratibu mwezi hadi mwezi. Kichefuchefu kingekuwepo. Ale kidogo, aache mara anaposikia kutosheka. Mwalimu aliuliza maswali kama anayesahihisha mtihani, akaridhika. "Wapare tunasemwa wabahili tangu enzi," akasema. "Sasa nitabania hadi njaa."

Daktari alipotoka, Mwalimu alinishika mkono. Sijasahau ule mkono, ulikuwa mkavu na mzito, wenye alama ya pete iliyokuwa imebana.

"Habari hii iishie chumba hiki," alisema. "Nimefundisha watoto wa mlima ule miaka thelathini na minne. Wengine walikuwa wanakuja darasani hawajaweka kitu mdomoni tangu jana yake. Sitaki isikike kwamba nimechukua kiinua mgongo changu nikanunua dawa ya kunizuia kula."

"Mzee je?"

"Hasa yeye. Akijua nakula kidogo ataanza kunipikia."

Nikaapa. Tena niliapa kwa raha, maana nilikuwa mpya kazini na hakuna aliyewahi kuniamini na siri yoyote. Kwenye faili kuna mahali pa kuandika kama mgonjwa ameshauriwa kushirikisha familia. Niliandika kwamba ameshauriwa, na ilikuwa uongo.

Basi akawa anashuka kila Alhamisi kwa gari la asubuhi. Alipenda kuchomwa tumboni upande wa kushoto, akitazama dirishani, akiendelea na hadithi bila kukata. Aliniletea maparachichi na tangawizi kutoka kwa mumewe, ambaye aliamini mkewe anafuata vidonge vya kisukari. Mwezi wa kwanza alichefuka, harufu ya vitunguu vya jirani ikamtoa nje mara mbili. Mwezi wa tatu akaniambia jambo ambalo mpaka leo huwa nalieleza kwa wagonjwa wengine: kwamba alikuwa amekaa mbele ya sahani ya wali, mchele mzuri wa Kihurio, na kwa mara ya kwanza maishani wali haukumwita. "Nilidhani watu wembamba wana nidhamu kunizidi," alisema. "Kumbe hawaitwi." Nilikuwa nimeinama nikiandika, nikaona aibu iliyonifika masikioni. Miaka yangu yote ya chuo nilikuwa nimewadharau watu kama yeye, na hapo ndipo nilipojua kwamba nilikuwa nawadharau. Kufikia Agosti alikuwa amefika kilo mia na moja. Sukari ilishuka, Daktari akapunguza dawa moja. Jumapili moja ya Oktoba alipiga magoti, na Alhamisi iliyofuata akaja akaketi, akasema, "Nimeinuka mwenyewe." Daktari Kiondo alitoka kwenye chumba chake kuja kumpa mkono. Tulifurahi sana siku ile, na sitaki mtu yeyote akisoma haya afikiri kwamba dawa ilikuwa mbaya.

Lakini huku kwetu mtu akipungua hana afya, ana habari. Hakuna anayesema umependeza. Wanakutazama shingo, wanatazama nguo zinavyoning'inia, wanauliza kwa upole kama unakula. Siku moja, kupitia zile mbao zetu, nilimsikia mgonjwa wa kutoka mlima uleule akimwambia mwenzake: "Mwalimu anashuka kila Alhamisi, tena anaingia mwenyewe bila foleni. Unadhani anafuata nini? Na Elinazi na safari zake zile." Nilimweleza Mwalimu alipokuja. Alicheka mpaka akafuta macho. "Waache. Nilipokuwa mnene walisema nakula mishahara ya wenzangu. Wakichoka watanyamaza." Sikufikiri zaidi ya hapo. Nilisikia jina la mumewe likitajwa, nikalipita, maana kwangu mgonjwa alikuwa mmoja na faili lilikuwa moja.

Mvua za vuli zilipoanza, Daktari alimruhusu akae na sindano zake nyumbani. Ukishaifungua inavumilia bila friji, na kule juu kuna baridi ya kutosha. Nilimfundisha kujichoma, akajua haraka kuliko mimi nilivyojua. Nikamwandikia karatasi ya maelekezo kwa herufi kubwa. Mwezi huohuo tulimpandishia dozi.

Desemba ndipo Wapare wanapopanda nyumbani. Wanatoka Dar, Arusha, Morogoro, nyumba zilizofungwa mwaka mzima zinafunguliwa madirisha, na kila mtu anakagua nani amezeeka. Mawifi watatu wa Mwalimu walifika wakamkuta kilo tisini na nne, wao waliomwacha akijaza mlango. Hawakuuliza kitu. Wifi mkubwa, Mama Joeli, aliitisha kikao cha wanawake wa ukoo jikoni, wakakubaliana wasimuaibishe, wamrudishe mwilini. Huo ndio upendo wetu na siwezi kuusema vibaya. Mtu wako akiwa dhaifu unampelekea chakula, na huondoki. Unakaa mpaka amalize, kwa sababu ukiondoka inaonekana umeleta ili uonekane umeleta. Wakapeana zamu. Asubuhi uji wa siagi na karanga, saa nne supu ya kuku, mchana ndizi za nyama, jioni makande. Naye alikuwa juu ya dozi mpya, na tumbo lililojaa kwa vijiko vitano.

Angeweza kusema. Sentensi moja ingetosha, jamani natumia dawa. Hakusema. Alikula kwa heshima, akatoka nyuma akatapika, na kila alipotapika wao wakathibitisha walichokuwa wanakijua, wakapika zaidi.

Alinipigia siku tatu kabla ya Krismasi. Zahanati ilikuwa imejaa watoto wenye homa, nilikuwa na simu begani na bomba la sindano mkononi. Alikuwa ananong'ona, baadaye nilielewa kwamba alikuwa chooni.

"Mwanangu, natapika tangu jana. Hata maji."

"Ni ile dozi mpya, Mwalimu. Ni kawaida. Punguza chakula, kunywa maji kidogo kidogo."

"Nitapunguzaje, wamenikalia watatu."

Nilisikia maneno hayo. Nilidhani ni utani wake. Nikacheka, nikamwambia asikose maji ya chumvichumvi, nikamtakia sikukuu njema. Sikumuuliza kama amekojoa. Sikumwambia asijichome Alhamisi ile. Sikumwambia aache kidonge chake cha presha, kile kinachotoa maji mwilini, ambacho mtu anayetapika hatakiwi kukimeza hata kimoja, na ambacho yeye, mwalimu, mtu wa kufuata maelekezo, alikimeza kila asubuhi kama karatasi yangu ya herufi kubwa ilivyosema. Simu ile haikufika dakika mbili.

Alishushwa siku nne baadaye, barabara ikiwa imekatika kwa udongo, vijana wakimbeba kwenye kitanda mpaka gari lilipoishia. Figo zilikuwa zimekauka. Akapelekwa hospitali ya rufaa, na mwaka mpya haujamaliza wiki akafariki. Nilipomwambia Daktari Kiondo kuhusu simu, nilimwambia yote, nikilia, nikitegemea anifukuze. Alifungua faili akasoma ukurasa kwa ukurasa, muda mrefu. Mwisho akasema, "Tumeandika alichokula kila wiki. Hakuna mahali tumeandika nani alikuwa anampakulia." Kisha akasema yeye ndiye aliyepandisha dozi sikukuu zikikaribia, na kwamba angepaswa kujua, naye ni Mpare. Hakunifukuza. Tangu hapo, kabla sijamwanzishia mtu yeyote sindano ile, nauliza anaishi na nani, nani anapika, nani ataudhika akibakiza. Wagonjwa wanadhani ni umbea. Wengine wamepungua vizuri, wanatembea mjini, na nikiwaona nafurahi halafu nasikia uchungu.

Februari nilipanda mlima kumwona Mzee Elinazi. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia mambo mawili, la sindano na la simu. Alikuwa barazani akipukuchua maharage, ametandika gunia, mzee mfupi mwenye koti la sweta lililotoboka viwiko. Ilikuwa siku ya msaragambo. Kijiji kizima kilikuwa kinazibua mfereji, nilikuwa nimewapita njiani wakiimba. Nikamuuliza kwa nini hayuko kazini na wenzake. Alisema alikwenda, wakamwambia apumzike, ana matatizo. "Walinipa jembe la peke yangu," alisema. "Nilipoliweka chini hakuna aliyelishika." Akaingia ndani akatoka na vikombe viwili vya tangawizi. Nikaanza. Nilisema Mwalimu alikuwa na siri, na kwamba siri hiyo sasa inamuumiza yeye.

"Zile sindano," alisema.

Nikaweka kikombe chini.

"Zilikuwa kwenye kopo la majani ya chai. Niliziona mwanzoni kabisa mwa vuli. Tangu siku ile nikamwambia chai inaninyima usingizi, nikawa nakunywa tangawizi tu, asije akashtuka nikifungua kopo." Aliendelea kupukuchua. "Alitaka nisijue. Nikawa sijui."

Nikamwambia nitawaambia ukoo. Nitakuja Jumapili, nitasimama, nitasema. Akakataa, wala hakuinua sauti. Alisema nikisema, watu wataacha kumlilia Namkunda, watamcheka. Watasema mwalimu mzima alikufa kwa kutafuta wembamba, na mawifi zake watajua kwamba walimuua kwa supu. "Wakinisema mimi, mimi nipo, najibeba," alisema. Nikamuuliza kuhusu Upendo, binti yao wa pekee, anayefanya kazi Morogoro. "Upendo ananijua," alisema. Basi nikanywa tangawizi yangu, nikaaga. La simu sikulisema. Nilishuka mlima nikiwa nimefarijika, na nataka kukiri hapa kwamba faraja ile haikuwa ya heshima kwa Mwalimu wala kwa Mzee. Alikuwa amenifungia mlango ambao mimi mwenyewe niliogopa kuupita. Siri yake ilifunika kosa langu, na kwa miaka minne niliiita uaminifu.

Jana, baada ya mazishi, nilikuwa nasuuza vyombo bombani Upendo aliponijia. Sikuwa nimeonana naye tangu msiba wa mama yake. Amefanana na mama yake wa Februari ile, mwili uleule, mwendo uleule wa kupumzika katikati. Akaniambia ananikumbuka, mimi ndiye daktari wa mama. Akaniomba tusogee pembeni, kwenye migomba.

"Nataka kukuuliza kitu," alisema. "Baba alikuwa anachukulia wapi dawa zake? Tangu juzi nimepekua chumba kizima, godoro, makoti, kila mahali. Sijaona hata kidonge kimoja."

Nikamwambia. Nilimwambia kuhusu sindano na kiapo, na magoti, na kopo la chai, na mawifi na zamu zao. Nikamwambia na simu, na nilichosema kwenye simu, neno kwa neno, na nilichotakiwa kusema. Hakunikatiza. Nyuma yetu wanawake walikuwa wakigombana kwa upole kuhusu masufuria ya nani ni yapi.

"Alijua?" aliuliza. "Baba?"

"Alijua."

Akatazama nyumba. "Miaka minne nilikuwa nakuja Krismasi," alisema, "naweka sukari mezani, naondoka kabla hajawasha jiko. Sikutaka kula mkononi mwake. Alikuwa ananisindikiza mpaka barabarani na sikumuaga." Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayenieleza njia. Kisha akanigeukia.

"Namba yangu ilikuwa kwenye faili la mama."

"Ilikuwepo," nilisema.

Akasubiri.